Jinsi ya Kupaka Laka ya Mti Kwenye Bakuli la Mbao

Sisi mafundi wa mbao tukisikia neno laka tunakumbuka debe la dukani, lile la kuchanganya na thina, kupuliza, na kukauka kabla chai haijapoa. Laka ninayoizungumzia hapa ni kitu kingine kabisa. Ni utomvu wa mti. Unachuruzika kwenye gome ukiwa mweupe kama maziwa, na Wajapani wanauita urushi. Ukiupaka kwenye bakuli la mbao na kuuacha uive, bakuli hilo utalitilia supu ya moto, utalitilia siki, utalipangusa miaka nenda miaka rudi, na thina haitaiyeyusha tena laka yake.

Kabla hujanunua chochote, shika jambo moja: laka hii haikauki kwa jua wala kwa upepo. Inaganda kwa unyevu. Ukiianika juani inaharibika, ukiifungia mahali penye unyevunyevu inakupa chombo. Karibu makosa yote niliyofanya mwaka wangu wa kwanza yalitokana na kusahau hilo, kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye sanduku la unyevu kuliko kwenye brashi.

Mti wenyewe na wagema wake

Mti wa laka wa China, Korea na Japani unaitwa kisayansi Toxicodendron vernicifluum. Vietnam na Taiwan wanagema jamaa yake, Toxicodendron succedaneum, na Myanmar wanatumia mti mwingine, Gluta usitata. Wote ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Nimelelewa Newala, na mtoto wa kule hahitaji kuelezwa ukoo huo una nini: anayepasua korosho mbichi kwa meno hubabuka midomo wiki nzima. Mafuta ya ganda la korosho na laka ya mti vina kemikali za jamii moja. Kama korosho iliwahi kukubabua, jihadhari mara mbili, maana ngozi yako huenda ikaikataa laka tangu tone la kwanza.

Huko Japani, eneo linalosifika kwa kugema laka ni Joboji, katika mji wa Ninohe, mkoa wa Iwate. Mti huanza kugemwa ukifikisha miaka 10 hadi 15. Kazi huanza Juni na kuendelea mpaka majira ya kupukutika majani. Mgema hukwangua gome likawa laini, akakata mstari mmoja wa mlalo, na matone yakitokeza huyakomba kwa kijiko chembamba cha chuma kabla hayajabadilika rangi. Hatoki na kitu kikubwa. Anauacha mti upumzike kama siku nne, anarudi, anakata mstari mwingine juu ya ule wa kwanza, mrefu kidogo kuushinda. Msimu ukiisha, shina lina pembetatu za makovu zilizopinduliwa, toka chini mpaka anapofika mkono wake. Mavuno yote ya mti mmoja ni kama gramu 200, glasi moja tu. Kisha mti hukatwa, na machipukizi ya kisiki ndiyo yanayolelewa yawe miti ya kugemwa baada ya miaka mingine kumi na zaidi.

Ninapokamua laka kutoka kwenye tyubu naiona glasi hiyo. Ndiyo sababu nasisitiza kupaka kidogo, na kutobakiza laka ya kumwaga.

Laka nyingi inayotumika Japani leo inatoka China. Lakini mwaka 2015 idara ya utamaduni ya Japani iliamua kwamba majengo yaliyo hazina ya taifa yakarabatiwe kwa laka ya nchini humo, na uamuzi huo uliwapa wagema wa Joboji kazi ya uhakika.

Kwa nini inaganda

Zaidi ya nusu ya utomvu ni mafuta yanayoitwa urushioli. Yanayobaki ni maji, gundi ya mti, na kiasi kidogo sana cha kimeng'enya kinachoitwa lakasi. Mwaka 1883 Hikorokuro Yoshida alionyesha kwamba ndani ya utomvu kuna kitu kinachoufanya ugande, na kwamba kitu hicho kikipashwa moto sana hufa. Lakasi huchukua oksijeni ya hewani na kuyafunga mafuta yale mpaka yanakuwa ngozi moja ngumu. Inafanya kazi hiyo hewa ikiwa na maji. Hewa ikiwa kavu, inakaa tu, na wewe unakaa na bakuli linalonata.

Watu wameijua laka kabla ya kuijua kemia yake. Vitu vilivyopakwa laka nyekundu vilifukuliwa Kakinoshima, Hokkaido, vina umri wa miaka 9,000 hivi. Makaburi ya Mawangdui huko Changsha, China, ya karne ya 2 kabla ya Kristo, yalikutwa na sahani na vikombe vya laka vingi bado vikiwa vizima. Ukumbi wa dhahabu wa hekalu la Chuson-ji, uliokamilika mwaka 1124 huko Hiraizumi, umebandikwa karatasi za dhahabu juu ya laka, na laka ndiyo gundi yake. Wamepaka mabakuli, ngao za vita, majeneza, vinanda na nguzo za mahekalu.

Sisi wa Pwani tuna utomvu wetu maarufu, sandarusi, uliokuwa ukichimbwa ardhini na kusafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 kwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Usivichanganye. Sandarusi imekwisha kuwa ngumu kama jiwe, lazima uiyeyushe motoni na kuitia mafuta. Urushi unapakwa ungali hai.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta tyubu ya laka mbichi, gramu 50 zinatosha mabakuli kadhaa. Tapentaini halisi, ile inayotokana na msonobari. Glavu za nitrili, kwa sababu zile za mpira wa kawaida zinapenyeza. Kipande cha kioo cha kuchanganyia, kisu cha plastiki, vitambaa vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi mpaka havitoi nyuzi, msasa namba 240, 400, 600 na 1000, na mafuta ya alizeti ya kusafishia. Nunua pia kipima unyevu kidogo. Ukikosa vingine utabahatisha, ukikosa hicho utapoteza laka.

Laka ya kweli huitambua hivi. Paka tone jembamba kwenye kioo. Linatoka na rangi ya maziwa yenye chai, na ndani ya dakika chache linakuwa kahawia, kisha kahawia iliyoiva. Harufu yake ina uchachu, kama unga uliolala. Kama inanuka thina na inakauka mbele ya macho yako, umeuziwa rangi ya kawaida yenye jina la laka.

Hatua ya 1: Ngozi kwanza

Kazi yangu ya kwanza niliifanya Ijumaa bila glavu, nikaona mikono iko salama, nikalala. Jumapili viganja vilianza kuwasha. Jumatatu kulikuwa na malengelenge kwenye vifundo na kati ya vidole, na shingoni pale nilipojikuna kwa mkono uliopakaa. Ilichukua wiki mbili kupona. Vipele vya laka havitokei papo hapo, na hapo ndipo vinapomponza mtu. Ukisubiri uone kwanza, umechelewa.

Vaa glavu, mikono mirefu, na funga mdomo wa shati kwenye glavu kwa utepe. Pakaa mafuta mazito kidogo usoni na shingoni. Ikikudondokea, usikimbilie maji. Ipanguse kwa mafuta ya alizeti, rudia kwa kitambaa kingine, ndipo uoshe kwa sabuni. Watoto wasiingie chumbani, na vitambaa vilivyotumika vifungwe ndani ya mfuko na kutupwa. Usivichome, moshi wake unaingia kifuani. Anayejua moshi wa kubanika korosho ananielewa. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali, na umwambie daktari umegusa nini.

Hatari hii yote ni ya laka mbichi. Ikishaiva kabisa, haidhuru.

Hatua ya 2: Andaa bakuli

Mbao iwe kavu kwelikweli na isiwe yenye mafuta. Mimi napenda mwembe, ambao kwa ukoo ni ndugu wa mti wenyewe wa laka, na hunywa laka vizuri. Piga msasa namba 240 kufuata nyuzi za mbao, kisha 400. Lowesha bakuli kwa kitambaa chenye maji, liache likauke, utaona vinyuzi vimesimama. Piga tena 400 mpaka vitoweke. Futa vumbi lote. Chunguza kovu la patasi kwa kuelekeza bakuli dirishani, kwa sababu laka haifichi kitu. Inakikoleza.

Hatua ya 3: Sanduku la unyevu

Wajapani wanatumia kabati la mbao ambalo kuta zake hulowanishwa kwa maji. Wewe chukua sanduku lolote lenye kifuniko: la mbao, la plastiki, hata boksi la kuhifadhia samaki lililooshwa likatakata. Tandika taulo lililoloweshwa na kukamuliwa chini, weka vijiti juu yake ili bakuli lisiguse maji, weka kipima unyevu pembeni, funika. Unachotafuta ni joto la nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa asilimia 70 hadi 85.

Hapa Pwani tumebahatika. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenyewe ya usiku mara nyingi imeshafika huko, na masika sanduku langu hukaa bila taulo. Kwetu tatizo ni kinyume: unyevu ukizidi 85 na joto likipanda, laka inaganda haraka mno juu ilhali chini bado mbichi, na uso unakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Siku kama hizo fungua kifuniko kidogo, toa taulo, paka jembamba zaidi. Aliye Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi hali yake ni nyingine. Alowanishe taulo kila asubuhi na jioni na asimamie kipimo chake.

Liache sanduku saa kadhaa likiwa tupu uone kipimo kinatulia wapi. Usipake kitu kabla hujajua.

Hatua ya 4: Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza

Kwenye kioo changanya laka na tapentaini kwa kiasi sawa, nusu kijiko cha chai cha kila kimoja kwa bakuli dogo. Paka kwa brashi fupi au kitambaa, ndani, nje na kitako. Usiogope, mkono huu wa kwanza ni wa kunyweshwa. Mbao itaonyesha yenyewe mahali inapokunywa zaidi, hasa mwisho wa nyuzi: panafifia mara tu unapopaka. Ongeza hapo.

Ngoja kama dakika kumi. Kisha futa. Futa kwa kitambaa safi, geuza upande, futa tena, chukua kingine. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wanaona uchungu kuondoa kitu cha thamani walichokipaka sasa hivi. Kilichobaki juu hakina kazi, kilichoingia ndani ndicho ulichokijia. Ukipitisha kidole chenye glavu na kikaacha alama, bado hujafuta.

Weka bakuli kwenye vijiti, funika, ondoka. Kwenye kipande cha kioo paka mstari mwembamba wa laka ile ile ukiweke humo ndani kama shahidi. Ukitaka kujua hali, gusa kioo, bakuli liache.

Hatua ya 5: Kusoma laka

Kesho yake toa bakuli, liweke karibu na mdomo, lipulizie pumzi ya joto kama unayesafisha miwani. Ukungu mweupe ukitanda na kuondoka, uso umeshika. Ukiona bado pana weusi wa majimaji, rudisha. Mkono wa kwanza mpe siku mbili au tatu hata kama umeshika, kwa sababu uliozama ndani una hewa kidogo.

Hatua ya 6: Mikono inayofuata

Piga msasa namba 600 wenye maji, kidogo tu, mpaka uso uwe laini kwa kiganja. Osha, kausha. Sasa paka laka tupu bila tapentaini, kiasi cha punje ya mahindi kwa upande mmoja wa bakuli. Isambaze kwa kitambaa kwa kuzungusha, kisha ifute kama ulivyofanya mwanzo. Sandukuni, siku moja. Rudia.

Mkono wa pili utakuvunja moyo: bakuli ni la kahawia, limekufa, lina madoa. Wa tatu vivyo hivyo. Kwenye wa nne kitu kinabadilika. Nyuzi za mbao zinaanza kuonekana kwa ndani, kama unaangalia chini ya maji yaliyotulia. Wa tano na wa sita mng'ao unakuja wenyewe. Mimi huishia sita kwa bakuli la kulia, nane kwa sinia. Kila baada ya mikono miwili pitisha msasa namba 1000 wenye maji, na ule wa mwisho usiuguse kwa msasa.

Brashi, kama umeitumia, isafishe kwa mafuta ya alizeti mpaka mafuta yatoke meupe. Na kabla ya kuitumia tena, yaondoe mafuta hayo yote kwa tapentaini na kitambaa. Mafuta hayo hayagandi kama laka, na tone lake moja ndani ya laka linatosha kuacha kidonda kinachonata ubavuni mwa bakuli.

Hatua ya 7: Kungoja

Bakuli litaonekana limekwisha. Halijaisha. Litoe sandukuni, liweke kabatini penye hewa ya kawaida, mbali na jua, walau mwezi mmoja kabla ya kulia. Laka inaendelea kukazana ndani muda wote huo. Harufu ya uchachu itabaki kwa kitambo. Wajapani hukifukia chombo kipya ndani ya pipa la mchele mpaka harufu iishe, nami nimelijaribu hilo na linafaa. Rangi nayo itabadilika. Laka mpya ni nzito na nyeusinyeusi, lakini kadiri miezi inavyopita inazidi kuwa angavu na mbao inasogea juu.

Ikikataa

Ikibaki inanata baada ya siku tatu, soma kipimo. Mara nyingi unyevu uko chini ya 60. Pandisha, subiri siku mbili zaidi, usiongeze mkono mwingine juu ya ulio mbichi. Kama unyevu uko sawa na bado inanata, basi kuna mafuta yameingia, au laka ni ya zamani mno na kimeng'enya kimechoka. Futa yote kwa tapentaini uanze upya. Ikikunjamana, huna namna ila kuisubiri igande mpaka ndani, hata wiki mbili, kisha uisawazishe kwa msasa wenye maji. Usikwangue ikiwa mbichi ndani. Utajirudisha kwenye malengelenge.

Kuunganisha kikombe kilichovunjika

Wengi wamesikia laka kwa sababu ya kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga udongo uliovunjika na kupitisha dhahabu kwenye mstari wa ufa. Kazi ile ni laka tangu mwanzo mpaka mwisho. Unga wa ngano unakandwa kwa maji kidogo, unachanganywa na laka mbichi mpaka uvutike kama ulimbo, unapakwa kwenye kingo zote mbili, vipande vinabanwa na kuachwa sandukuni wiki mbili au zaidi. Mapengo yanazibwa kwa udongo laini uliochanganywa na laka. Juu yake unapita mstari mwembamba wa laka nyekundu, na ungali mbichi kidogo unanyunyiziwa unga wa dhahabu. Seti nyingi zinazouzwa zikiwa na jina hilo zina gundi ya epoksi badala ya laka. Kwa pambo la rafuni hakuna ubaya, ila kikombe cha chai kifanyie kwa laka.

Matunzo

Osha kwa maji ya vuguvugu na sponji laini, pangusa papo hapo. Usililoweke usiku kucha, usiliingize kwenye maikrowevu wala mashine ya kuoshea vyombo, na usilianike juani pamoja na masufuria. Tindikali, chumvi na pombe laka inavimudu. Jua la mchana ndilo linaloimaliza taratibu.

Baada ya miaka michache ya kulia kila siku, pale midomo inapogusa patapauka. Pitisha msasa namba 1000 wenye maji hapo tu, kausha, vaa glavu, paka kiasi cha punje ya mchele, futa, na ulirudishe bakuli sandukuni usiku mmoja.